Pindo la Hali

Chini kabisa ya dirisha ninaloandikia makala hii kuna utepe mwembamba wa rangi. Kushoto umeandikwa NORMAL, kisha jina la tawi ninalofanyia kazi, kisha jina la faili, makala.txt, likifuatwa na alama ya kujumlisha iliyofungwa katika mabano ya mraba. Kulia pana utf-8, pana 43%, pana 26/60. Maneno hayo si sehemu ya makala na hayatachapwa kamwe, lakini jicho haliishi kuyashukia. Ni kitu tunachokitazama kutwa nzima, na bado hatujakubaliana jina lake.

Msomaji anayetumia kihariri cha Vim au cha Neovim anakijua, na huenda amekwisha kukipamba kwa Powerline, vim-airline, lightline au lualine. Ufundi wake sitaueleza. Ninachotaka tukae nacho leo ni maneno: lipi tumelirithi, lipi tumeliazima, lipi limechoka kwa kubebeshwa mizigo miwili.

Jina lililozoeleka ni mstari wa hali. Tuanze na hali, maana ndilo tamu zaidi. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kugeuka na kubadilika, na ndugu zake tunao nyumbani: hila, ambayo ni kuigeuza njia, hawala, ambayo ni kuhamisha deni au fedha kutoka mkono huu hadi ule, na muhali, jambo lisilowezekana. Neno status la Kiingereza, ambalo ndilo lililotafsiriwa, asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kusimama. Basi wenzetu wamekiita kitu hiki kwa kusimama kwake, nasi tumekiita kwa kugeuka kwake. Na kitu chenyewe hakisimami hata kidogo. Ukishuka mstari mmoja, namba inabadilika, ukifuta herufi moja, alama ya kujumlisha inatokea, ukihifadhi, inatoweka. Hapa Kiswahili kimelenga vizuri kuliko lugha iliyotafsiriwa. Hali ibaki.

Taabu ni kwamba hali huyu tumemtwisha kazi ya pili. Simu ikikatiwa mawimbi safarini tunasema imewekwa katika hali ya ndegeni. Vivyo hivyo tunaita hali ile namna ya Vim ambamo kitufe cha j kinashusha kielekezi, na hali ile nyingine ambamo kitufe hicho hicho kinaandika j. Na jambo la kwanza linaloandikwa katika mstari wa hali ni hilo hilo. Kwa hiyo mstari wa hali unaonyesha hali, na asiyejua akisikia sentensi hiyo hajaambiwa kitu.

Nililiona jambo hili wazi nilipokuwa nikimwelekeza kijana mmoja kwa simu. Alikuwa akibonyeza vitufe na maandishi yake yanafutika ovyo. Nikamwambia, “Hebu angalia kule chini. Uko katika hali gani?” Akanijibu kwa adabu zote, “Nzuri tu, mwalimu, sijui wewe.” Hakukosea. Katika Kiswahili, mtu akiulizwa hali hujibu salamu. Aliyekosea ni neno nililomkabidhi.

Nimetafuta neno la kumpumzisha hali, na nimetulia kwenye zamu. Fikiri kinachotokea hasa. Vitufe ni vile vile, vidole ni vile vile. Kinachobadilika ni kazi. Sasa vitufe viko zamu ya kuandika, baadaye viko zamu ya kutenda. Mlinzi wa usiku akiondoka, wa mchana anaingia langoni pale pale. Na neno lenyewe lina chumvi ya bahari: mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi, Ahmad ibn Majid akiwa mmoja wao, walipima mwendo kwa zam, kipande cha safari cha saa tatu. Ningemuuliza kijana yule, “Uko zamu gani?” angeshusha macho akasoma.

Sasa mstari. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na lina undugu wa karibu na jina la kifaa cha kupigia mistari, kile tunachokiita rula. Tumelipokea, tukaona linaanza na m, tukalitia katika ngeli ya mti na miti, likazaa mistari kana kwamba limezaliwa hapa. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni mahali lilipowekwa. Faili lote limejaa mistari, Vim inaihesabu, utepe wa chini kazi yake mojawapo ni kukuambia uko mstari wa ngapi. Ukiuita utepe huo mstari, utasema mstari wa hali unaonyesha kuwa uko mstari wa 26. Nusu zote mbili za jina, mstari na hali, zinagongana na vitu vilivyomo ndani ya kitu chenyewe.

Wafasiri wa simu wameliona hilo, wakaandika upau wa hali. Upau ni neno zuri, na naomba tulikumbuke asili yake kabla halijapotelea kwenye vioo. Pau ni zile fito zinazofungwa kukingama kombamoyo, ili makuti yapate pa kushikilia. Aliyelichukua neno hilo kwa utepe wa vitufe ulio juu ya dirisha alifanya kazi ya mtu anayeijua nyumba ya Kiswahili. Lakini upau uko juu, darini. Utepe wetu uko chini. Mtu mmoja aliwahi kunipendekezea kizingiti, kwa kuwa dirisha lina kizingiti, na dirisha nalo ni neno la Kiajemi lenye maana ya mlango mdogo. Nililipenda kwa siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba kizingiti siku hizi ni kikwazo: tunasikia vizingiti vya biashara, vizingiti vya maendeleo. Utepe huu haumzuii mtu.

Jibu lilikuwa kabatini. Itandaze kanga. Katikati ni mji, pande zote ni pindo, na karibu na pindo la chini, ndani ya mji, limeandikwa jina, yale maneno ambayo mwenye kanga anataka yasomwe akipita. Dirisha la kihariri limefumwa hivyo hivyo. Mji ni maandishi yako. Chini umepita ukanda wa rangi nyingine, wenye maneno machache yanayosema kanga hii ni ya nani na inasema nini. Jina lenyewe nisingeweza kulichukua, kwa kuwa faili lina jina lake na mgongano ungeanza upya. Lakini pindo liko huru. Linatokana na kupinda, na kazi yake ni kuizuia nguo isifumuke. Napendekeza pindo la hali.

Faida yake inaonekana papo hapo. vim-airline haishughulikii utepe wa chini peke yake. Ukitaka, inakuchorea na wa juu, wenye orodha ya mafaili uliyofungua. Hilo ni pindo la juu, na hili ni pindo la chini, wala hatuhitaji kuunda jina la pili. Neovim toleo la 0.7, la mwaka 2022, iliruhusu madirisha yote yaliyogawanywa yashiriki utepe mmoja badala ya kila moja kuwa na wake; anayeandika laststatus=3 anapata pindo moja lililopita chini ya kitambaa kizima. Neno likikubali kupanuka bila kulazimishwa, ni dalili kwamba limepata mahali pake.

Na kuna undugu mwingine ambao ulinifurahisha nilipouona. Chombo chenyewe tunakiita kihariri. Kitenzi hariri tumekipata kwa Waarabu, ambao kwao uhariri wa maandishi na ukombozi wa mtumwa ni neno moja. Nasi tumebaki na tahariri ya gazetini. Na hariri, kile kitambaa laini, ni neno la mzizi wenye herufi hizo hizo. Kiswahili hakidai kwamba maana zao ni moja, lakini sikio linayasikia pamoja. Kihariri chenye pindo: sikio la Mswahili halitashtuka.

Tusipite bila kuisifu ile ki- ya mwanzo. Kiingereza kina neno moja tu kwa mtu wa chumba cha habari na kwa programu. Sisi tuna mhariri na kihariri. Kiambishi kimoja kimemtenga binadamu na chombo, na hakuna anayeweza kusema chombo ndicho kilichokosea sentensi.

Twende kwenye kile kinachoongezwa. Programu-jalizi ndiyo istilahi iliyoenea, na aliyeiunda alikuwa na sikio. Kuna kujaa, kuna kujaza, kuna kujaliza, ambako ni kukiongeza kilichopelea. Wengine walitaka tuifuate plagi ya umeme, tuseme kuchomeka. Lakini plagi ikichomolewa, taa inazimika. Kihariri hakifi kwa kuondolewa pindo la rangi. Kilikuwa kizima, kikajalizwa. Ninalolilalamikia ni urefu. Programu-jalizi ya pindo la hali ni msafara, si jina. Tufupishe: kijalizi, vijalizi. Tayari tuna kihariri, kielekezi na kichujio. Kijalizi kitaketi nao bila kuuliza kwao ni wapi.

Kuhusu kusakinisha sina la kurekebisha, ni kushukuru tu. Kusakini ni kukaa mahali, na maskani ni mahali pa kukaa. Kusakinisha kijalizi, basi, ni kukipa makazi. Mtaani watu husema kuinstoo, na sitamkemea anayesema hivyo akiwa kazini na haraka zake. Lakini anayeandika ajue ana neno gani mkononi.

Kusanidi ndiko kunakonipa shaka. Msanidi wa programu, tunaambiwa, ni yule anayeitunga na kuiandika. Halafu simu mpya ikiwashwa inakuomba wewe, mnunuzi, uisanidi. Je, mimi niliyechagua tu rangi ya pindo na kuamua tawi la kazi lionekane kushoto au kulia, nimefanya kazi moja na yule aliyeandika maelfu ya mistari ya vim-airline? Hapana. Tuwaachie kusanidi wenye kusanidi. Kwa hili letu tuna kupangilia: si kupanga tu, ni kupanga kimoja baada ya kimoja, kwa jicho la mpangiliaji, kama vyombo kabatini. Na pindo la vim-airline ni kazi ya kupangilia hasa. Limegawanywa mafungu, A, B na C upande wa kushoto, X, Y na Z upande wa kulia, na unaamua kila fungu libebe nini. Mipangilio tayari tunayo. Tulisahau kukitumia kitenzi kilichoizaa.

Chaguo-msingi ningeliondoa leo. Linataja thamani inayotumika pale ambapo mtu hajachagua kitu, na bado linaanza na chaguo. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba neno tulikuwa nalo. Kaida na kawaida ni umoja na wingi wake: Kiarabu kina qaida kwa umoja, qawaid kwa wingi, na maana ya asili ni msingi, kile ambacho kingine kinakalia juu yake. Ule msingi unaotafutwa katika chaguo-msingi umo ndani ya kawaida tangu mwanzo. Rangi ya kawaida. Pindo la kawaida. Mama yangu, ambaye hajagusa kihariri maishani mwake, angeelewa.

Kiendelezi kinahitaji uangalifu. Kijalizi kama vim-airline chenyewe kina viendelezi ndani yake, vipande vidogo vinavyokiunganisha na vijalizi vingine ili, kwa mfano, jina la tawi au idadi ya makosa ionekane pindoni. Vivinjari navyo vinaita kiendelezi kile ambacho hapa tumekiita kijalizi. Nashauri tutofautishe hivi: kijalizi hujaliza programu, kiendelezi huendeleza kijalizi. Wazee walisema kuendeleza neno wakimaanisha kuliandika herufi baada ya herufi, na maendelezo yalikuwa tahajia. Nalipenda neno linalokumbuka kuwa mambo huenda mbele kwa herufi moja moja.

Vitu vidogo vya pindoni vingi havina kesi. Tawi ni tawi, kama la benki na la chama. Kufuli inayotokea faili lisiporuhusu kuandikwa ni kufuli. Kielekezi nakichagua badala ya kishale, kwa sababu ndani ya Vim hakuna mshale wowote, ni kisanduku kinachometameta. Ile alama ya kujumlisha inasema faili halijahifadhiwa, na kuhifadhi ni miongoni mwa maneno tajiri tuliyo nayo: mtoto wa chuoni anahifadhi sura, Serengeti ni hifadhi, na mimi nahifadhi makala. Anayesema kusevu amepata kitendo, amekosa heshima ya kile anachokitunza.

Sasa yale maneno makubwa ya kushoto kabisa: NORMAL, INSERT, VISUAL, REPLACE, COMMAND. Hapa, msomaji, huhitaji kumsubiri mfasiri wala kikao cha baraza. vim-airline ina mpangilio uitwao g:airline_mode_map, na lightline ina mode_map, ambamo unaandika mwenyewe neno la kuonyeshwa kwa kila zamu. Nimejaribu mengi kabla ya kuridhika. Neno liwe fupi, kwa sababu pindo ni jembamba, na liwe agizo, kwa sababu linamwambia mtu vidole vyake viko kazini kufanya nini.

KAWAIDA kwa NORMAL ni tafsiri ya mtu ambaye hajakaa kwenye zamu hiyo. Huko kila kitufe ni kitendo: d inafuta, y inanakili, na w inayofuata inasema kitendo kiliangukie neno. Watumiaji wa Vim huisifu sarufi hii, kitenzi kwanza, yambwa baadaye. Basi TENDA, mzizi ule ule uliotupa kitenzi. INGIZA kwa INSERT ni sahihi lakini ni baridi. Mtu aliyeketi kutunga haingizi, anaandika. ANDIKA. Kwa VISUAL niliwahi kuweka ONA, nikaacha, kwa kuwa zamu zote unaona. Hii ni ya kulikamata fungu la maneno kabla ya kulifanyia jambo, nayo ni TEUA. REPLACE ni BADILI. Na COMMAND, pale unapoanza kwa nukta mbili na kutamka agizo zima, ni AMURU. Maneno matano, hakuna linalozidi herufi sita. Tangu niyaweke, pindo langu linazungumza nami kwa lugha ninayoiandika.

Najua neno halikai kwa kupendekezwa. Ngamizi ilipendekezwa kwa kompyuta na haikupata midomo ya kuisema. Tarakilishi ilipata madarasa ya Kenya ikaota mizizi. Pindo, zamu, kijalizi: yatapimwa vivyo hivyo, na nitakubali hukumu ya midomo.

Lakini kuna neno moja ambalo siliombei hukumu, naomba liondoke. Katika mipangilio mingi ya Kiswahili, kinyume cha wezesha kimewekwa lemaza. Soma polepole. Tunamwambia mtu alemaze kijalizi, alemaze kiendelezi, alemaze sauti. Kulemaza ni kumtia kiumbe ulemavu. Ni tendo la ajali na la vita, na wapo watakaolisoma neno hilo kwenye kioo huku wanajua uzito wake kwa miili yao. Wala halina haja. Tuna washa na zima, tuliyoyatumia kwa moto, kwa kibatari, kwa taa, kwa redio na kwa gari. Pindo la juu la vim-airline hufunguliwa kwa kuandika enabled = 1. Hilo limewashwa. Ukiandika 0, limezimwa.

Ukiifungua Vim bila kuitajia faili, katikati ya dirisha hutokea maneno machache, na kwa miaka mingi miongoni mwake umekuwamo wito wa kuwasaidia watoto wa Uganda. Aliyeuweka ni Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira, na hadi alipofariki Agosti 2023 hakuiuza programu yake. Aliyefaidika nayo aliombwa awachangie watoto wa huko. Lipo pia shirika la Kanada linalokichangia kituo cha watoto cha Kibaale, nalo limejichagulia jina la Kiswahili. Linaitwa Kuwasha.